Bahasha mbili za kahawia, nyumba moja

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa wanandoa wanaoishi Uingereza, ambao malipo yao ya ugonjwa na ulemavu yanatathminiwa upya na Idara ya Kazi na Pensheni, yaani DWP. Viwango tulivyotaja ni vya mwaka wa fedha 2025/26. Hubadilika kila Aprili. Wasomaji wa Scotland: kwenu nafasi ya PIP (Personal Independence Payment, malipo ya ulemavu) imechukuliwa na Adult Disability Payment. Fomu ni nyingine, ingawa namna ya kujieleza haitofautiani sana.

Shikamooni. Mimi na mume wangu sote tunapokea PIP. Mimi nina baridi yabisi ya vidole na magoti, yeye alipata kiharusi na upande wake wa kulia haujarudi sawa. Tumeletewa fomu za AR1 za mapitio ya PIP, kila mtu yake. Binti yetu anasema tujaze pamoja ili zifanane. Tufanyeje?
*Mama, Leicester*

Marahaba, mama. Binti ana nia njema, ila fomu zenu hazitakiwi zifanane. Zinatakiwa zisipingane. Mkinakiliana maneno zitasomeka kama za mtu mmoja. Mkijaza kila mtu kivyake bila kusomeana, mtaumbuana. Wewe utaandika "mume wangu hunikatia vitunguu na kuniinulia sufuria", naye kwenye yake ataandika kwamba mkono wa kulia haushiki kisu. Atakayezisoma zote mbili atauliza: basi vitunguu anakata nani?

Jibu la kweli pengine ni kwamba anakata kwa mkono wa kushoto, vibaya, na mara mojamoja anajikata. Au anakata binti jioni akitoka kazini. Andikeni hivyo hivyo. Sheria ya PIP inatazama msaada unaouhitaji. Haijali kama aliyepo nyumbani anaweza kuutoa vizuri, au kama yupo wa kuutoa.

Kinachowaponza wanandoa kuliko kitu kingine ni kwamba msaada wa mume au mke hauonekani na aliyeuzoea. Unaulizwa kama unavaa mwenyewe, unasema ndiyo, kwa sababu miaka kadhaa sasa mzee hukupitishia suruali miguuni na hamjawahi kuliita jambo hilo msaada. Ni maisha ya nyumbani tu.

Tazama hesabu yake. Shughuli za maisha ya kila siku ni 10, na katika kila moja huhesabiwa alama za ngazi moja tu, ile ya juu inayokuhusu. Ukifikisha alama 8 unapata kiwango cha kawaida, £73.90 kwa wiki. 12 zinakupa cha juu, £110.40. Mtu mwenye hali kama yako anaandika: napika nimekaa kwenye stuli (2), naoga nikishika vyuma vya ukutani (2), navaa mwenyewe polepole (0). Jumla 4, hapati kitu. Mtu yule yule, asubuhi ile ile, anaandika kilichotokea: mume wangu ananimenyea viazi na kuinua sufuria (4), ananishika kuingia na kutoka kwenye bafu (3), ananivisha kuanzia kiunoni kwenda chini (2). Jumla 9. Hakuna aliyedanganya, wa kwanza alimsahau mumewe.

Na alama hizo haziishii kwenye PIP. Carer's Allowance ya anayekuangalia, £83.30 kwa wiki kwa saa zisizopungua 35, imesimama juu ya PIP yako ya maisha ya kila siku. Yako ikianguka, na yake inaanguka. Sheria inaruhusu kila mmoja wenu awe mwangalizi wa mwenzake, lakini hapo ndipo fomu hupingana zaidi: huwezi kusema huinui hata birika, kisha uonekane unamhudumia mtu saa 35 bila kueleza unamhudumia vipi. Elezeni. Saa hizo si lazima ziwe za kubeba na kuinua. Kumkumbusha dawa, kukaa mlangoni mwa bafu asije akaanguka, kumsomea barua, kuamka naye usiku, zote zinahesabiwa.

Namna tunayowashauri ni hii. Chukueni madaftari mawili ya kawaida, siku 3. Usiandike unachosaidiwa, maana hukioni; andika unachomfanyia mwenzako, naye aandike anachokufanyia wewe. Safu tatu: kitu, dakika, kilichoharibika. Siku ya 4 badilishaneni, kila mtu ajaze fomu yake kutoka kwenye daftari la mwenzake. Mstari mmoja wa namna hiyo una uzito kuliko ukurasa wa "naumwa sana":

"Jumanne, soksi na suruali. Amekaa kitandani, nimempitishia miguu yote miwili, ameinua mwenyewe hadi magotini, nimemalizia. Dakika 14. Kifungo hakukiweza."

Kila sentensi ipitisheni kwenye chekeche nne za sheria: je, naweza kufanya jambo hili kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia kila linapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda mrefu ambao mtu asiye na ulemavu huo angetumia? Likikwama kwenye moja tu, kwa sheria hulifanyi, hata kama ulilifanya. Unaweza kuoga peke yako ukaanguka mara mbili kwa mwezi. Huko si kuoga kwa usalama. Na hali hiyo iwe inakupata siku nyingi kuliko nusu ya mwaka. Kwa ugonjwa wa kupanda na kushuka taja idadi: "siku 5 kwa wiki". Neno "wakati mwingine" huwa linasomwa kama mara chache.

Mawili ya jikoni, maana hapo wengi wanateleza. Chakula kinachozungumziwa ni mlo mmoja wa mtu mmoja, wa vitu vibichi, unaopikwa kwenye kimo cha kiuno au juu yake. Pilau ya arusi haimo. Kwa hiyo "siwezi kuinama kufungua oveni" haikupi alama, na "siwezi kumwaga maji ya moto ya wali bila kuyamwagia miguu" inakupa. Ukisema tu "napika ugali", imeandikwa kwamba unapika. Sema nani anashika sufuria wakati unasonga.

Shughuli ya choo wengi huiruka kwa haya, hasa wanaume. Anayeona taabu kuandika amwachie mwenzake aandike kwenye karatasi ya ziada, sentensi tatu zinatosha. Kila karatasi ya ziada iwe na jina na namba ya National Insurance ya mwenye fomu, na msitie karatasi za watu wawili kwenye bahasha moja. Mnapewa mwezi mmoja. Kama hautoshi, pigeni simu muda uongezwe kabla ya tarehe kupita, si baada. Toeni kopi, na posta waulizeni ile risiti ya bure inayothibitisha kwamba mmetuma.

Hali yangu ni ile ile. Nikiweka tiki kwenye "hakuna mabadiliko" kila mahali kwenye fomu ya PIP nikarudisha, kuna ubaya? Na ni kweli kwamba sasa lazima upate alama 4 kwenye shughuli moja?
*Msomaji, Barking*

Ubaya upo. Usidhani anayesoma leo ameketi na faili lako la zamani mkononi. Andika upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na mwisho ongeza kwamba hali hii ni ile ile tangu uamuzi uliopita. Ambatisha kilicho kipya: orodha ya dawa, barua ya hospitali, barua ya mtaalamu wa viungo. Barua inayosema "ana kisukari" haisaidii sana, kwani hawabishii ugonjwa. Wanataka kujua umekuzuia nini.

Kuhusu alama 4: lilikuwa pendekezo la serikali la mwaka 2025, likaondolewa kwenye muswada Julai mwaka huo huo. Ujumbe unaozunguka WhatsApp ni wa kabla ya hapo.

Umeuliza pia, kwenye maelezo yako marefu, kama kutojua kusoma Kiingereza kunahesabiwa. Hapana. Shughuli za kusoma na kuzungumza hupimwa kwa lugha yako mwenyewe. Kama Kiswahili unakisoma bila taabu, alama ni sifuri.

Mume wangu atapigiwa simu ya tathmini. Kiingereza chake ni cha kuunga. Naweza kumsemea?
*Dada, Manchester*

Unaweza kuwepo na unaweza kuongezea, lakini mtathmini atataka kumsikia yeye. Ukimjibia kila kitu, itaandikwa tu kwamba mke alijibu. Mpangilio unaofaa: anaanza yeye, wewe unajaza alichosahau. "Amesema anaoga mwenyewe. Mimi ndiye ninayemkalisha kwenye kiti cha kuogea na kumsugua mgongo na miguu."

Mkalimani ombeni mapema, siku ile ile mnapopata tarehe, na mseme Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu akipewa mkalimani wa Unguja wataelewana, ila kwa mambo ya mwili kuelewana nusunusu hakutoshi. Msimweke mtoto kuwa mkalimani. Kuna majibu ambayo baba hatayatoa mbele ya mwanawe.

Sasa Kiswahili chenyewe, kwa sababu kinatuponza mahali ambapo hatukutegemea. Mkono kwetu unaanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu unaanzia nyongani hadi ukuchani. "Mkono hauna nguvu" mkalimani atalazimika kuchagua ni wapi, na akichagua vibaya ripoti imeharibika. Taja sehemu: vidole, kiganja, kiwiko, bega, wayo, kifundo, goti, paja. "Nina presha" isije ikageuka kuwa msongo wa mawazo: sema shinikizo la damu. "Nachukua saa moja kuvaa" na "navaa saa moja" ni maneno mawili tofauti, na saa zetu ziko nyuma ya zao kwa saa 6: dawa ya saa mbili asubuhi kwao ni ya saa 8. Hakikisheni mkalimani ameigeuza.

Tena kuna "najitahidi", "najikaza", "hivyo hivyo tu". Sisi tunaelewa kwamba mtu huyo yuko taabani. Kwa Kiingereza inatoka kwamba anamudu. Badala yake aseme kilichotokea jana. Na simu ikianza, mtathmini akiuliza habari za leo, mumeo atajibu "sijambo, alhamdulillahi", kama alivyofunzwa na mama yake. Muungwana hujibu hivyo, lakini mzoesheni kuongeza papo hapo: "nimeitika salamu tu, usiku sikulala kwa maumivu."

Maswali yanayoonekana ya kupitisha muda huwa ni ya kazi. "Mnaenda msikitini? Kanisani?" Akijibu "kila Ijumaa", imeandikwa kwamba hutoka nje kila wiki. Ajibu kamili: anapelekwa na gari la jirani, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ni hatua 25 na husimama mara moja, anasali akiwa amekaa, akirudi analala hadi Alasiri. Kwenye kutembea, mita ndizo zinazoamua: anayeweza zaidi ya 20 lakini si zaidi ya 50 ana alama 8 au 10, kulingana na kutumia fimbo, asiyepita 20 ana 12. Nje ya nyumba yenu pimeni hatua kabla ya siku ya simu. Watu wengi hukisia mita, na hukisia vibaya.

Simu huchukua karibu saa moja. Ikiwa nawe una tathmini yako, ombeni zisiwe siku moja. Kama mnataka irekodiwe, semeni kabla ya siku yenyewe.

Tuko Universal Credit, malipo ya wenye kipato kidogo, mimi na bibi. Sote wawili tuna LCWRA, yaani tumekutwa hatuwezi kazi wala kujiandaa nayo. Sasa nimeletewa UC50, fomu ya kupima uwezo wa kufanya kazi, mimi. Nikinyang'anywa tutapoteza kiasi gani?
*Mzee, Milton Keynes*

Shikamoo mzee. Pesa zenyewe huenda zisipungue hata senti. Dai la wanandoa hupewa nyongeza moja tu ya LCWRA, £423.27 kwa mwezi, hata kama wote wawili mmekutwa hamwezi kazi. Ukiondolewa wewe, ya bibi inabaki.

Kinachobadilika ni majukumu. Utaitwa ofisi ya kazi, utapewa makubaliano ya kutafuta ajira, na usipoyatimiza mtakatwa. Kwa hiyo jaza UC50 kwa uzito ule ule. Fomu hii si PIP: haiulizi kupika wala kuvaa, inauliza mwili na akili vinavyofanya kazi mahali pa kazi, kama kukaa na kusimama, kushika, kufika mahali usipopajua, kustahimili mabadiliko, kuwa na watu. Kuichukua PIP na kuinakili humu ni kosa tunaloliona sana.

Lakini kuna swali hukuuliza. Je, mmoja wenu ana PIP ya maisha ya kila siku, na mwingine anamwangalia saa 35? Kama ndivyo, mmoja anaweza kubaki na LCWRA na mwingine akapewa nyongeza ya mwangalizi, £201.68 kwa mwezi, juu ya ile £423.27. Mtu mmoja hapati zote mbili kwa nafsi yake, ila wawili wanagawana. Si lazima mdai Carer's Allowance kwanza. Mkiidai, hukatwa pauni kwa pauni kwenye Universal Credit. Andikeni kwenye jarida lenu la mtandaoni, ile "journal" ya akaunti ya Universal Credit, mkitaja nani anamwangalia nani na tangu lini.

Kuanzia 6 Aprili 2026 anayeingia LCWRA kwa mara ya kwanza hupewa £217.26, isipokuwa wenye maradhi mazito ya kudumu na walio karibu na mwisho wa maisha. Waliokuwa nayo kabla wanalindwa. Kwa hiyo bibi naye UC50 yake ikija, asiichezee.

Uamuzi wa PIP umetoka. Mke wangu amebakishiwa, mimi nimepewa alama 5. Ripoti inasema mambo ambayo sikuyasema. Nianzie wapi?
*Kaka, Slough*

Anzia kwenye tarehe iliyo juu ya barua, si siku uliyoifungua. Una mwezi mmoja kuomba uamuzi utazamwe upya. Siku ile ile piga simu uombe nakala ya ripoti ya mtathmini. Wengi hupinga uamuzi bila kuisoma, wakajibu ambayo hayakuandikwa.

Ripoti ikifika, ipitie shughuli kwa shughuli na penseli. Barua yako iwe na aya moja kwa kila alama unayoidai: umenipa 0 kwenye kuvaa, nastahili 2, kwa sababu ya jambo hili, ushahidi ni huu. Hasira kuhusu mtathmini iache; haina alama. Mkeo aandike ukurasa wake mmoja: anakuona mara ngapi kwa siku, anakufanyia nini, nini hutokea akiwa hayupo. Aya ya mwisho hiyo ndiyo nzito. Kama aliwahi kusafiri siku 4 ukala mkate na chai tu, ndipo mahali pake.

Wakikataa tena, na mara nyingi hukataa, una mwezi mwingine kupeleka rufaa kwa mahakama ya rufaa za malipo, mtandaoni au kwa fomu SSCS1. Ni bure. Jopo la PIP lina hakimu, daktari na mjuzi wa ulemavu, wala si watu wa DWP. Zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazofika kusikilizwa hushinda. Omba usikilizwe ana kwa ana au kwa simu, usichague karatasi tupu, na omba mkalimani kwenye fomu; ndugu hawaruhusiwi kukalimani huko. Mkeo anaweza kuwa shahidi.

Angalizo mbili. Jopo hutazama ulivyokuwa siku ya uamuzi, kwa hiyo ulivyozidiwa baadaye hakuhesabiwi. Na jopo linaweza kupunguza kama linavyoweza kuongeza. Wewe una alama 5, huna cha kupunguziwa. Mkeo, kama amebakishiwa kiwango cha kawaida na anatamani cha juu, amwone kwanza mshauri, Citizens Advice kwa mfano, kabla ya kugusa chochote.

Tunataka kwenda Mombasa wiki 7 kumwona mama. Mapitio ya PIP yangu hayajaisha. Na mke wangu yuko kwa viza ya mke, isiyoruhusu msaada wa serikali.
*Msomaji, Reading*

PIP huendelea ukiwa nje kwa muda, hadi wiki 13, au 26 kama umekwenda kutibiwa. Wajulishe, maana ni zaidi ya wiki 4. Universal Credit kwa kawaida ni mwezi mmoja tu. Hatari yenu kubwa ni barua: mwezi wa kurudisha fomu unahesabiwa ukiwa Mombasa kama ukiwa Reading. Mwachie mtu unayemwamini ufunguo, akufungulie na kukupigia picha kila bahasha ya kahawia.

Kwa viza: PIP ni yako kwa haki yako, kuipokea hakumvunjii mkeo masharti. Yeye asidai Carer's Allowance kwa jina lake. Universal Credit utadai kama mtu mmoja, ila lazima umtaje. Na angalia hili: anayepokea PIP hadaiwi kile kipato cha £29,000 kwa mwaka wakati wa kuombea mwenzake viza, hutakiwa tu kuonyesha kwamba mnajimudu. PIP ikikatika katikati ya mapitio, msamaha huo unaondoka nayo. Kama viza ya mkeo inaisha ndani ya mwaka, mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kukata tiketi.